Daftari la Nilisema na Ilikuwa

Mafundi cherehani wana uongo wao, nao ni mmoja tu: njoo kesho. Ukienda kesho, suruali bado ni kitambaa. Ukienda kesho kutwa, imeshonwa mguu mmoja, na fundi anakutazama kana kwamba kosa ni lako kwa kuzaliwa na miguu miwili. Katika soko la Base Camp, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, walikuwapo mafundi kumi na wawili waliopanga mashine zao mstari mmoja, na kumi na mmoja kati yao walikuwa mabingwa wa kesho. Wa kumi na mbili alikuwa Perpétue, mwanamke mfupi kutoka Walungu, Kivu ya Kusini, ambaye wateja walimwita Mama Tarehe. Wengine walimwita hivyo kwa heshima na wengine kwa kejeli, maana aliweza kukwambia bila haya kwamba gauni lako litakuwa tayari baada ya siku kumi na saba, na ukimbembeleza sana anakurudishia kitambaa chako.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa pili kambini aliletewa kazi ya kwaya ya kanisa lao: magauni thelathini na mawili ya kijani, kola nyeupe, ya kuvaliwa Pasaka. Aliitikia ndiyo kabla hata hawajamaliza kueleza. Jumapili ya Pasaka ilipofika alikuwa amemaliza kumi na tisa. Basi waimbaji kumi na tisa walisimama mbele wakiwa wamependeza, na kumi na watatu wakajibanza nyuma na vitenge vyao vya kila siku, mmoja wao na kijani cha kuazima kisichofanana na chochote. Mchungaji alihubiri vizuri, lakini nani alimsikiliza? Kanisa zima lilikuwa likihesabu magauni. Perpétue alikaa benchi la mwisho, ameinamisha kichwa, na hakuimba hata ubeti mmoja.

Kesho yake alinunua daftari la shule la kurasa tisini na sita. Alipiga mstari katikati ya ukurasa kwa rula. Upande wa kushoto aliandika Nilisema, upande wa kulia akaandika Ilikuwa. Tangu siku hiyo kila nguo iliyopita chini ya sindano yake iliingia humo: alisema siku ngapi, ikawa siku ngapi. Baada ya miezi michache alikuwa ameshajijua. Sketi ya shule aliyodhani ni ya siku moja ilikuwa ya siku mbili. Koti, Mungu amsamehe, aliloahidi kwa siku tatu lilikuwa la siku tisa.

Mwaka uliofuata ilikuja kwaya nyingine, watu arobaini, ikiwa imebaki wiki tatu tu kabla ya Pasaka. Perpétue alifungua daftari, akahesabu kwa vidole, akawaambia, "Magauni haiwezekani. Ile ni uongo, na mimi sitaki kubadanganya. Lakini fulari, foulard za shingoni, za batu bote makumi ine, ile minaweza. Magauni mutavaa Pentekoste." Walinung'unika, wakaenda kwa mafundi wengine, wakaahidiwa kesho pande zote, na kwa bahati walikuwa na akili ya kurudi. Pasaka ile walisimama watu arobaini na fulari arobaini za rangi moja, hakuna aliyejificha nyuma ya mwenzake. Pentekoste walivaa magauni.

Mtu angedhani binti wa mama wa namna hiyo hawezi kudanganya kuhusu siku. Ndivyo alivyodhani na Nabintu mwenyewe, kifungua mimba wa Perpétue, ambaye leo ana miaka ishirini na saba na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya Kakoba, mjini Mbarara, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tangu utotoni yeye ndiye aliyeshika kalamu ya daftari lile, kwa kuwa mwandiko wa mama ulikuwa mbaya. Aliandika siku za watu wengine kwa miaka, lakini zake hakuwahi kuziandika.

Kulikuwa na kitu kingine alichokibeba tangu utotoni, tena kilimkaa zaidi kuliko daftari. Walipofika Kabazana, kule wageni wanakopokelewa na kuandikishwa, Nabintu alikuwa na miaka tisa, naye alisimama amemshika mama sketi huku karani akiuliza maswali na kujaza fomu. Mna afya? Ndiyo. Mnaweza kulima? Ndiyo. Mkipewa kiwanja mtajenga nyumba kwa wiki mbili? Ndiyo, ndiyo, mukubwa. Perpétue hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Karani hakuwa mtu mbaya, wala hakumlazimisha mtu. Ila foleni nzima ilikuwa inajua, bila kuambizana, kwamba mtu mwenye karatasi na kalamu hujibiwa ndiyo, kwa sababu hapana inaweza kukurudisha mwisho wa foleni, na nyuma ya mwisho wa foleni hakuna anayejua kuna nini. Watoto waliokulia kwenye foleni ile walikua na ndiyo ile ile mdomoni. Walijibu ndiyo shuleni, wakajibu ndiyo kazini, na waajiri wao wakawapenda sana kwa mwezi wa kwanza.

Mwajiri wa Nabintu alikuwa Muhairwe, Mnyankore wa makamo aliyewahi kuwa fundi wa redio jeshini. Kiswahili chake alikipata huko huko jeshini kwa askari, kikavu na cha amri, na alipenda kukitumia na Nabintu kwa sababu Kinyankore cha Nabintu kilikuwa cha kununulia ndizi tu. Kazi ya kwanza aliyompa ilikuwa mfumo wa matokeo ya mitihani kwa shule moja ya bweni. "Nyabo, hii kitu wiki mbili inaisha?" aliuliza, kalamu mkononi; nyabo kwao ni kama kusema bibi.

"Ndiyo, bosi," alisema Nabintu.

Ilichukua wiki saba. Kuingiza majina ya wanafunzi peke yake, jambo alilolikadiria siku mbili, lilimla siku kumi na tisa, maana mtoto mmoja aliandikwa kwa majina matatu yaliyobadilishana nafasi kila muhula, na kompyuta ikamhesabu watoto watatu. Mwalimu mkuu alipiga simu ofisini na sauti yake ikasikika hadi dukani chini. Muhairwe hakumfukuza Nabintu. Alimtazama tu, akasema, "Mimi nilikuuliza. Wewe ulisema ndiyo." Hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa.

Mwisho wa wiki alikwenda Nakivale, akakaa kwenye kigoda karibu na mashine ya mama yake, machozi yakamtoka. Perpétue hakuacha kukanyaga pedali.

"Juu ya nini unalia? Kuna mutu alikufa?"

"Hapana, mama. Nilichelewesha kazi ya batu."

"Ulibaambia wiki ngapi?"

"Mbili."

"Na ilikuwa?"

"Saba."

Perpétue aliachia pedali. Akafungua droo ya mashine, akatoa daftari jipya, lile alilokuwa ameliweka akiba, akamtupia mapajani. "Basi andika ile. Kulia haina fasi mu daftari."

Nabintu aliandika. Na hapa nataka nimsifu bila kificho, kwa sababu watu wengi hupenda kuandika ushindi wao, lakini yeye kwa mwaka mmoja na nusu aliandika kukosea kwake kila siku ya kazi. Kila kipande, hata kidogo: ukurasa wa kuingilia, Nilisema nusu siku, Ilikuwa mbili. Kupanga orodha, Nilisema moja, Ilikuwa moja, na hapo aliweka alama ya nyota kwa furaha. Ishema, kijana wa Kinyarwanda aliyekaa meza ya pili, alimcheka kwamba ni mtaalamu wa kompyuta anayetumia daftari la darasa la tatu. Nabintu alianza kuandika na siku za Ishema vilevile, ukurasa wa nyuma.

Lilipojaa nusu, daftari lilimwambia mambo ambayo kichwa chake hakikutaka kumwambia. Kazi anayoijua, kichwa kikisema siku moja, ni mbili. Kazi ambayo hajawahi kuifanya ni mara nne. Na chochote kinachohitaji kibali cha kampuni ya simu hakina uhusiano na bidii yake hata kidogo: ni kungoja, na kungoja nako kuna siku zake.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Jumatatu moja, mwanzo wa mwezi wa pili, Muhairwe aliingia ofisini bado ana uso wa karamu. Jumamosi iliyopita alikuwa kwenye okuhingira ya binti wa kaka yake, ile sherehe ya kumuaga binti kwao, na huko, katikati ya hotuba na vibuyu vya maziwa, alikaa na mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji wa Masha. Mwenyekiti alilalamika kuhusu chanjo za ng'ombe. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ilikuwa imefunga mnada mara mbili, na kila mara wafugaji walibishana ng'ombe yupi amechanjwa na yupi bado, kila mtu na karatasi yake iliyoliwa na mchwa. Muhairwe akasimama mbele ya wakwe, akashika kipaza sauti ambacho hakuna aliyempa, akatangaza kwamba ofisi yake itawatengenezea mfumo: kila ng'ombe ataandikwa kwa namba ya hereni yake, na mwenye ng'ombe atapata ujumbe kwenye simu siku ya chanjo ikikaribia. Lini? Wiki tatu! Siku ya ushirika, Masha, mbele ya watu wote. Akapigiwa makofi na vigelegele.

"Nabintu, hii ni kazi yako," alisema. "Wewe utakuwa mkubwa yake. Wiki tatu. Mimi nimekwisha sema mbele ya watu."

Mkubwa wa kazi! Tangu aanze pale hakuwahi kuongoza kazi yoyote. Ndiyo ya Kabazana ilimpanda kooni, ikafika kwenye ulimi, na nusura itoke. Aliimeza. Ilikuwa chungu kuimeza.

"Nipe siku mbili nikate vipande, bosi."

"Kukata vipande ya nini? Siku ni ile ile."

"Siku mbili tu."

Alikaa na Ishema wakaikata kazi ile vipande ishirini na sita, kila kimoja kwenye karatasi ndogo. Kwanza aliandika kile kichwa chake kilichosema. Jumla: siku ishirini na moja. Hata kichwa, ambacho alishajua hudanganya, kilikuwa kimepita zile wiki tatu za Muhairwe, yaani siku kumi na tano za kazi. Kisha akafungua daftari, akatafuta kwa kila karatasi kazi iliyofanana nayo, akaandika siku ilizochukua kweli. Jumla: siku arobaini na mbili za kazi. Wiki nane na siku mbili. Aliihesabu mara tatu akitumaini amekosea.

Jumatano alimwambia Muhairwe. Bosi alitoa macho.

"Wiki nane? Banange! Wewe unataka kuniaibisha? Mimi nitarudi kwa wakwe na uso gani?"

"Bosi, nikikwambia tatu leo, utafurahi leo. Siku ya ushirika utasimama mbele yao na kitu kisichofanya kazi. Lakini siku hiyo naweza kukupa fulari."

"Fulari gani tena?"

Akamweleza habari ya kwaya. Kwa wiki tatu kitakuwa tayari kitu kimoja kidogo lakini kizima: daftari la ng'ombe ndani ya simu, namba ya hereni, mwenye ng'ombe, tarehe ya chanjo. Ujumbe, ripoti na mengine yatafuata. Muhairwe alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akamgeukia Ishema.

"Wewe Ishema. Ukipewa hii kazi, wiki tatu unaweza?"

Pikipiki zilinguruma chini barabarani. Nabintu alitazama meza. Kama Ishema angesema ndiyo, kazi ingekuwa yake, na ukubwa wake, na kila kitu. Ishema alikuna shingo. Alitazama lile daftari la darasa la tatu, akakumbuka ukurasa wa nyuma.

"Bosi, naweza kusema ndiyo," alijibu. "Lakini huyu dada ameniandika na mimi humo. Nilisema tatu, ikawa kumi na moja. Yote imo."

Muhairwe aliguna, akasimama, akachukua funguo zake, akazirudisha mezani. "Sawa. Basi wewe Nabintu utaenda Masha kesho, utamwambia mwenyekiti kwa mdomo yako mwenyewe. Mimi sitasema hiyo maneno. Akikataa, kazi ninampa mtu mwingine nje, na hii ukubwa imekwisha."

Alhamisi asubuhi Nabintu alifika Masha akiwa na daftari kwenye mfuko wa plastiki ili lisipate vumbi. Kamati ya ushirika ilikuwa imekaa kwenye viti vya plastiki karibu na josho: wazee watano, fimbo magotini, kofia vichwani. Mwenyekiti alikuwa mrefu na mkavu, na Kiswahili chake alikipata kwa miaka mingi ya kuuza ng'ombe kwa Watanzania mpakani, kwa hiyo hakuwa na haja ya mkalimani. Nabintu alijiona mdogo kuliko miaka yake. Wazee wa hapa hapa, wenye ng'ombe wao na ardhi yao, na yeye binti wa kambini amekuja kuwaambia hapana.

Alipiga goti kidogo kuwaamkia, akasema yote kwa pumzi moja, kabla ujasiri haujamtoroka.

Mwenyekiti hakukasirika. Hilo lilimtisha zaidi. "Muhairwe alisema wiki tatu mbele ya wakwe zake," alisema polepole. "Wewe unasema wiki nane na siku mbili. Hizo siku mbili umezitoa wapi?"

Nabintu alitoa daftari, akampa. Mwenyekiti alivaa miwani, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kidole kikishuka mistari taratibu. Wazee wengine walisubiri. Kidole kilisimama.

"Majina ya wanafunzi. Ulisema mbili, ikawa kumi na tisa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na umeiandika!"

"Ndiyo, mzee. Na sababu yake iko pembeni."

Mwenyekiti alicheka hadi miwani ikateleza, akawasomea wenzake kwa Kinyankore, nao wakacheka. Nabintu alihisi masikio yanawaka moto, lakini hakuinamisha kichwa. Kisha mzee alifunga daftari na uso wake ukabadilika.

"Nimefanya biashara na watu miaka arobaini. Mtu anayeniletea mazuri yake yote, namjua. Mtu anayeniletea makosa yake yameandikwa kwa tarehe, leo ni mara ya kwanza. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Ni fundi cherehani Nakivale."

"Fundi cherehani?" aliuliza mwenyekiti kwa mshangao, na hata wazee wasiojua Kiswahili walielewa neno hilo. "Haya. Sasa mimi nikuulize kitu. Hiyo namba ya hereni, nani anaijua? Mimi ng'ombe wangu namjua kwa jina. Bihogo, kwa rangi yake. Mke wangu naye ana Bihogo wake. Ukiniletea ujumbe kwamba namba mia tatu na saba achanjwe, nitamtafuta zizini mpaka jioni."

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, si Muhairwe na kipaza sauti chake, si Nabintu na karatasi zake ishirini na sita. Mtu mwingine angesema, hilo dogo, mzee, tutaliingiza tu. Nabintu alichukua penseli. "Jina, rangi, na alama ya kuwatofautisha Bihogo wawili," alisema. "Hicho ni kipande cha ishirini na saba. Kichwa changu kinasema siku moja na nusu. Daftari linasema tatu." Akahesabu mbele yao kwa vidole, kama mama yake. "Arobaini na tano. Ijumaa, tarehe nne, mwezi wa nne."

"Unaongeza mbele yangu?" mwenyekiti aliuliza.

"Naongeza mbele yako, mzee. Nikiongeza nyuma yako utanikasirikia."

Mwenyekiti alimrudishia daftari. "Andika tarehe hiyo. Andika na jina lako. Si la Muhairwe. Lako."

Aliandika: Nabintu, Ijumaa tarehe nne, mwezi wa nne.

Siku ya ushirika ilipofika, fulari ilikuwa tayari. Ng'ombe walipita mmoja mmoja kati ya miti ya josho, na daktari wa mifugo akawaandika kwenye simu, kwa hereni na kwa jina: Bihogo wa mwenyekiti, Bihogo wa mkewe, Gaaju, Kiremba. Kitu kilikuwa kidogo, lakini kila alipobonyeza kilikubali. Muhairwe alihutubia, na safari hii alitaja tarehe ya Nabintu kana kwamba ni yeye aliyeipanga tangu mwanzo. Nabintu alimwachia.

Wiki zilizofuata hazikuwa lelemama. Muhairwe alikuja wiki ya tano na wazo lake. "Nyabo, tuweke na picha ya kila ng'ombe. Kitu kidogo tu."

"Sawa, bosi. Ni siku sita." Nabintu alimwekea mezani zile karatasi zilizobaki. "Chagua ni ipi tuitoe."

Bosi alizigeuza, akaisoma moja, akaisoma ya pili, akazirudisha zote. "Picha itangoja," alisema, akaondoka. Kampuni ya simu nayo ilichelewesha kibali. Nabintu alikuwa amewapa siku kumi, wakatumia kumi na tatu, lakini ripoti aliyoipa siku sita ikaisha kwa mbili, maana Ishema alikuwa amejifunza kukaa kimya na kuandika.

Alhamisi, tarehe tatu, siku moja kabla ya siku yake, Nabintu alikuwa tena Masha. Alibonyeza. Simu ya mwenyekiti ikalia ndani ya koti lake. Mzee alivaa miwani, akasoma kwa sauti: Bihogo, mwenye doa jeupe kifuani, chanjo Jumanne. Kwenye uzio simu nyingine ikalia, na nyingine, na nyingine, mpaka wafugaji wakawa wanaoneshana simu kama watoto waliopewa peremende. Mwenyekiti alimpa Nabintu mkono mbele ya watu, mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtu anavyompa mkono mkubwa mwenzake.

Nabintu alijivunia. Tuliseme neno lenyewe, halina aibu. Alijivunia hadi kifua kikamjaa, akaenda nyuma ya josho ambako hakuna mtu, akafungua daftari. Nilisema 45. Ilikuwa 44. Alichora nyota.

Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa Nakivale, amekaa kwenye kigoda kile kile, akimsaidia mama kupinda mikono ya magauni ya kwaya. Pasaka ilikuwa imebaki siku nane, na magauni yaliyobaki yalikuwa mawili tu. Alikuwa ameshamwonesha mama ule mstari. Perpétue aliutazama muda mrefu, akaupitishia kidole, kisha akaenda kuwaonesha wale mafundi kumi na mmoja, mashine kwa mashine, mpaka mwisho wa mstari. Alipita na kwa muuza dagaa.

Simu ya Nabintu ililia. Alikuwa Muhairwe, na nyuma yake kulikuwa na ngoma, vigelegele na watu wakipiga makofi. Alikuwa kwenye okuhingira nyingine.

"Nyabo! Hapa kuna mzee mwenye hoteli. Anataka mfumo ya vyumba. Anauliza lini. Watu wote wananiangalia. Niseme nini?"

Nabintu alisimamisha sindano. Mama yake naye akaachia pedali.

"Bosi, mwambie hujui bado. Mwambie tutakuja kuona kazi, tutaikata vipande, halafu tutampa tarehe."

Ngoma ziliendelea. Kisha akamsikia Muhairwe, mbali kidogo na simu, kwa ile sauti yake ya jeshini, akisema mbele ya wakwe na kipaza sauti chao, kwanza kwa Kinyankore, halafu kwa Kiswahili ili yeye asikie: "Mimi sijui lini! Nina fundi wangu Nakivale. Yeye ndiye anasema tarehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Simu ikakatika.

"Ni nani ule?" Perpétue aliuliza.

"Ni bosi, mama."

"Anataka nini?"

"Anataka tarehe."

Perpétue alifuta mikono kwenye sketi yake, akamsogezea binti yake kalamu. Nabintu alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula, akaandika: Hoteli, vyumba. Chini ya Nilisema hakuandika kitu. Alipaacha wazi, akachukua tena mkono wa gauni na kuendelea kupinda.